UZI: China ilitujengea TAZARA kwa udugu, kwa siasa au kwa hesabu? Na hii ya sasa tuiite nini?

#1 Msomaji wa Makambako

Wakuu, salaam. Tarehe 29 Septemba 2025, mjini Lusaka, ulitiwa saini mkataba wa kuikabidhi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa kampuni ya CCECC ya China, ambayo itawekeza takribani dola bilioni 1.4 na kuiendesha reli hiyo. Muda wote ni miaka 30, mitatu ya ukarabati na 27 ya uendeshaji. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikia kauli moja kila ninapokaa na watu: zamani Mchina alikuja kama ndugu, sasa anakuja kama mfanyabiashara.

Kauli hiyo inanitia mashaka. China iliyotia saini makubaliano ya reli Septemba 1967 ilikuwa nchi maskini, tena imo katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, na bado ikakubali kujenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Siamini kwamba nchi yenye njaa yake hufanya jambo kubwa namna hiyo kwa upendo mtupu. Nadhani kulikuwa na hesabu, na ningependa tuelewane ilikuwa hesabu gani. Kama hesabu ilikuwepo tangu mwanzo, basi hakuna ndugu aliyegeuka mfanyabiashara. Sisi ndio tuliokuwa tunamwita jina lisilo lake.

#2 Kaskazi

Hesabu ilikuwa kiti cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipiga kura ya kuirudishia Beijing kiti kilichokuwa kimekaliwa na Taiwan. Waliounga mkono walikuwa 76, waliopinga 35, na 17 hawakuegemea upande wowote. Kati ya hao 76, nchi 26 zilikuwa za Afrika. Mwakilishi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio lenyewe. Ujenzi ulianza 1970, kura ikapigwa 1971. Mwenye macho haambiwi tazama.

#3 Mkutubi

Ndugu Kaskazi, tarehe zako ni sahihi ila zimeanzia katikati ya hadithi. Tanganyika ilianzisha uhusiano na Beijing tarehe 9 Desemba 1961, siku ileile ya uhuru, na Zanzibar tarehe 11 Desemba 1963. Mkataba wa urafiki ulitiwa saini Februari 1965, Mwalimu alipokwenda China. Kwa hiyo kura ya Tanzania ilikuwa mkononi mwao miaka mingi kabla taruma la kwanza, lile gogo la kubebea vyuma vya reli, halijalazwa, na mtu hanunui kitu ambacho tayari ni chake.

Ninachokiona mimi ni ugomvi wa Beijing na Moscow. Wakati huo Warusi walikuwa wakiisaidia Misri kujenga bwawa la Aswan, na kila kiongozi wa Afrika aliyepita Cairo alioneshwa kazi hiyo. China ilihitaji Aswan yake, kazi kubwa ambayo haifichiki, ili kuthibitisha kwamba nayo inaweza kuongoza mataifa yaliyokuwa yakipigania uhuru. Februari 1974 Mao mwenyewe alimweleza Kaunda fikra yake ya dunia tatu, iliyoyaweka madola makubwa yote mawili, Marekani na Urusi, katika dunia ya kwanza, na China pamoja nasi katika ya tatu. Jambo hilo aliambiwa rais wa nchi ambamo reli ilikuwa ikijengwa, na siamini kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

#4 Binti Mbozi

Ninyi nyote mnauliza Mchina alitaka nini, na hakuna aliyeuliza sisi tulitaka nini. Reli hii haikubuniwa Beijing.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na shaba ya Zambia, ambayo karibu yote ilikuwa ikipita kusini, ikabaki mikononi mwa adui. Desemba hiyohiyo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa ukazuiwa. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli haitalipa na kwamba barabara inatosha. Kaunda na Nyerere waligonga milango ya Magharibi, na hakuna aliyeifungua. China ilikuja baada ya wengine kukataa. Sasa mnaposema tulitumiwa, mnawafanya viongozi wetu waonekane kama watoto waliopewa peremende, ilhali walijua wanachokitaka na wakampata wa kukifanya.

#5 Mkutubi

Nakubali, dada Binti Mbozi, na ninaongeza kwamba si kila mtu alikataa kila kitu. Bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilijengwa na Waitaliano na kukamilika 1968, na Marekani iligharimia sehemu kubwa ya barabara ya TANZAM, inayokwenda karibu sambamba na reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika nyanda zilezile, Mmarekani alikuwa akimwaga lami na Mchina akilaza mataruma. Ushindani tunaousoma leo kati ya TAZARA na ushoroba wa Lobito kule Angola, unaoungwa mkono na Marekani, ni mchezo ambao wazee wetu waliuona ukichezwa hapahapa.

#6 Mzee wa Taruma

Vijana, nawasoma kwa makini. Mimi nilikuwa kibarua, kisha msaidizi wa fundi, katika kipande cha Mlimba kwenda Makambako, ambako reli inaacha bonde la Kilombero na kupanda milima. Ndicho kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote: madaraja juu ya madaraja na handaki baada ya handaki, na mvua ikinyesha, tuta mlilolishindilia wiki nzima mnalikuta asubuhi limelala bondeni.

Fundi wangu wa Kichina hakujua Kiswahili zaidi ya maneno kama 20. Alinifundisha kwa mikono. Alikuwa na pima maji ya mbao, anailaza juu ya zege, ananiita niangalie kitone cha hewa, ananyamaza mpaka niseme mwenyewe kama pamelala sawa au hapajalala. Nikikosea hakunigombeza, alikaa tu akisubiri niangalie tena. Suruali yake ilikuwa na viraka magotini na alivishona mwenyewe jioni, nje ya hema. Mimi nilikuwa nimefanya kazi katika shamba la mkonge, na sikuwa nimewahi kumwona mgeni mwenye cheo akishona suruali yake.

Sisemi kwamba serikali yake haikuwa na hesabu. Nasema kwake yeye sikuiona.

#7 Kijana wa Ilala

Shikamoo Mzee. Nimesoma mahali kwamba Wachina 50,000 walikuwa kambini kwa wakati mmoja. Mliwezaje kuwalisha?

#8 Mzee wa Taruma

Marahaba. Hapana, hawakuwa wengi hivyo kwa pamoja. Idadi hiyo ni ya wote waliopita tangu upimaji hadi makabidhiano, kwa sababu walikuja kwa zamu, huyu akimaliza miaka yake anaondoka na mwingine anashika nafasi. Sisi Watanzania na Wazambia ndio tuliokuwa wengi. Na hawakulishwa na mtu. Kila kambi ilikuwa na bustani yake ya mboga na nguruwe wake, na maji ya kunywa waliyachemsha bila kukosa.

Wapo pia ambao hawakurudi. Makaburi yao yako Gongo la Mboto, zaidi ya 60. Xi Jinping alipokuja Machi 2013 alikwenda kuweka maua pale.

#9 Mhasibu Mstaafu

Naomba tuache kuiita reli hii zawadi, maana naona neno hilo linanyemelea. Ulikuwa mkopo: yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30, na kila nchi ikibeba nusu. Mkopo usio na riba ni nafuu kubwa, lakini deni ni deni.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakijui, na kwangu ndicho kinachoeleza uhusiano wote. Gharama za ndani, yaani mishahara ya vibarua, saruji, mbao na chakula, zilihitaji shilingi na kwacha, na China haikuwa na fedha za kigeni za kumwaga. Ikakubaliwa kwamba Tanzania na Zambia zitanunua bidhaa za China kwa mkopo, ziziuze madukani kupitia mashirika ya umma, na pesa za mauzo ndizo zilipe gharama hizo. Maana yake ni kwamba mama aliyenunua sufuria ya Kichina dukani alikuwa akichangia ujira wa kibarua wa Mlimba. Vilevile maana yake ni kwamba bidhaa za China zilipata soko katika nchi mbili kabla China yenyewe haijafungua milango ya biashara. Ndugu Msomaji, ukitafuta hesabu, anzia hapo.

#10 Binti Mbozi

Mzee Mhasibu, umenikumbusha nyumbani. Bibi yangu alikuwa na bakuli la enameli, jeupe lenye ukingo wa buluu na ua jekundu chini, na chupa ya chai yenye picha ya ndege wawili. Alikuwa akisema ni vya "wakati wa reli." Nilidhani anataja tu miaka, kumbe alikuwa akitaja malipo.

Lakini wakati huohuo kulikuwa na malalamiko. Wafanyabiashara waliona wanalazimishwa kuchukua bidhaa ambazo wateja hawazitaki, na kasi ya ujenzi ilitaka bidhaa nyingi kuliko uwezo wa watu kununua. Soko la kulazimishwa si soko zuri sana kwa muuzaji pia. Kwa hiyo sidhani kwamba China iliijenga reli ili iuze masufuria. Nadhani iliuza masufuria ili iweze kuijenga reli.

#11 Kaskazi

Mmenisahihisha kuhusu kura na nimekubali kwa nusu. Nusu nyingine ninabaki nayo, kwa sababu heshima ya China barani Afrika nzima ilipanda kutokana na reli, na kura 26 hazikutoka Tanzania peke yake.

Ila niruhusuni niwakumbushe kwamba mnaongea kana kwamba mambo yote yalianzia Kilombero. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, China ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuitambua serikali mpya ya Zanzibar. Mwaka huohuo madaktari wa Kichina walifika Unguja na Pemba, na zamu zao zinaendelea hadi leo kutoka jimbo la Jiangsu. Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, alikuwa na mawasiliano na Beijing hata kabla ya Mapinduzi, na aliingia katika serikali ya Muungano akiwa na mawasiliano hayo. Mlango ulifunguliwa visiwani, reli ikapita.

#12 Msomaji wa Makambako

Nilijua tu kwamba haitapita michango 12 kabla Mzanzibari hajatukumbusha nani alitangulia. Ahsante kwa hilo, nami sina la kubisha.

Swali langu kwa wazee: kama kila upande ulipata ulichokitaka, kwa nini reli ilidhoofika mapema hivyo?

#13 Mhasibu Mstaafu

Sababu ya kuwepo kwake iliondoka haraka. Reli ilikabidhiwa Julai 1976. Oktoba 1978 Zambia, ikiwa imebanwa na mizigo iliyokwama na mbolea isiyofika, ililazimika kuifungua tena njia ya kusini, na Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru. Reli iliyojengwa kukwepa Rhodesia ikajikuta haina Rhodesia ya kukwepa. Uwezo uliokusudiwa ulikuwa tani milioni 2 kwa mwaka na haukuwahi kufikiwa. Mwaka wa fedha wa 2014/15 mizigo ilishuka chini ya tani 100,000.

#14 Mzee wa Taruma

Ndugu Mhasibu anaona vitabu, mimi niliona vichwa vya treni. Vile vya mwanzo kutoka China vilichoka mapema katika miinuko, na reli hii inapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,790 pale Uyole. Miaka ya 1980 ndipo vikaja vichwa vingine, teknolojia ya Kimarekani iliyoundwa Ujerumani. Mwaka 1979 nako mafuriko yalivunja tuta, na majeshi ya Rhodesia yakalipua daraja la Chambeshi upande wa Zambia. Tusisahau kwamba reli hii ilipigwa mabomu.

#15 Mkutubi

Na kuna mfumo wa uongozi. Shirika ni la serikali mbili, nafasi ya mkurugenzi mkuu imewekwa kisheria kwa Mzambia na msaidizi wake Mtanzania, na uamuzi mkubwa husubiri mawaziri wa pande zote wakutane. Tena upana wa njia ni milimita 1,067 kama reli za kusini, wakati Reli ya Kati ni milimita 1,000, hivyo kontena linalotaka kubadili njia sharti lihamishwe kule Kidatu. Malori yanayopanga foleni Tunduma hayana mambo ya upana, na yanapita barabara ileile ya Mmarekani. Mkiniuliza ipi kati ya sababu hizi ndiyo kubwa, sitawajibu kwa uhakika, kwa kuwa kila mmoja wa wazee hawa alikuwepo na kila mmoja aliona yake.

#16 Ufuta Lindi

Salaam kwenu. Mimi ni mtu wa mazao na ninataka kuileta mada karibu. Ufuta wetu wa Lindi na Mtwara, ukishapita chama cha msingi na mnada wa stakabadhi ghalani, sehemu kubwa hupanda meli kwenda China. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni zilizo na uhusiano nayo, sisi tukiwemo. Hili ni jambo zuri, na tulipongeze.

Lakini tunauza mbegu ghafi, na wao ndio wanaokamua mafuta. Kontena linaondoka na ufuta na kurudi na simu, vitambaa na pikipiki. Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kurudisha kontena la bidhaa kutoka Yiwu, China. Muuzaji alinionesha sampuli nzuri, nikalipa, na mzigo ulipofika ulikuwa mwepesi kama karatasi, na lugha ya kumdai sikuwa nayo. Tangu hapo mwanangu anasoma Kichina. Ushuru sifuri unamsaidia mwenye kitu cha kuuza na mwenye uwezo wa kuongea mezani.

#17 Mkulima Njombe

Ufuta Lindi, nakuunga mkono. Itifaki ya parachichi ilitiwa saini Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda Beijing, na wengi wetu tulidhani mwezi unaofuata tunapakia. Kumbe shamba sharti lisajiliwe na forodha ya China, kituo cha kufungashia vilevile, wadudu wadhibitiwe kwa utaratibu wao, na mnyororo wa baridi usikatike hadi bandarini. Tunda halisubiri. Ukilichuma leo, kila siku inayopotea njiani inaonekana kwenye kikonyo.

Stesheni ya Makambako iko mkoani kwetu. Nikisikia dola bilioni 1.4, ninachouliza ni kama katika mabehewa yatakayokuja kutakuwa na ya baridi, au yote ni ya shaba inayoshuka na mbolea inayopanda.

#18 Mkutubi

Swali la mkulima ni zito, na ndilo linalonirudisha kwenye hoja ya mwanzo. CCECC ilianzishwa 1979 kutokana na ofisi ya misaada ya nje ya wizara ya reli ya China, ofisi ileile iliyosimamia ujenzi wa TAZARA. Kwa hiyo si mgeni aliyekuja mahali pa ndugu. Ni mtu yuleyule, amekuwa kampuni. Tena ubia wa kibiashara haukuanza juzi: kampuni ya meli ya pamoja ya China na Tanzania ilianzishwa 1967, mwaka uleule wa makubaliano ya reli, nusu kwa nusu. Udugu na biashara vilipanda meli moja tangu siku ya kwanza.

#19 Binti Mbozi

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Mtu anaweza kuwa yuleyule na makubaliano yakawa mengine kabisa. Mkopo wa 1967 uliiacha reli mikononi mwetu siku ya makabidhiano, hata kama tuliishika vibaya. Mkataba wa 2025 unaikabidhi kwake kwa miaka 27 ya uendeshaji. Nyerere na Kaunda walikopa ili wamiliki. Sisi tumetoa uendeshaji kwa sababu hatukuweza tena kukopa wala kukarabati. Sisemi ni vibaya, pengine ni njia pekee iliyobaki, lakini tusiseme ni jambo lilelile.

Na mbona Bagamoyo tuliweza kusema hapana? Makubaliano ya bandari yalitiwa saini 2013, na mwaka 2019 Magufuli akayasimamisha akisema masharti yake hayakubaliki. Urafiki haukuvunjika. Nyerere alikwenda China mara 13 katika maisha yake, na bado tuliweza kukataa mkataba.

#20 Kaskazi

Wachina nao hawakutuacha mwaka 1981. Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwa madarakani, mara 16 mfululizo. Hapo hapakuwa na shaba wala sufuria. Mnieleze hesabu yake.

#21 Msomaji wa Makambako

Kwa mara 16 hizo, Kaskazi, nakiri hesabu yangu ya mchango wa kwanza haitoshi. Nilikuja nikitafuta sababu moja na nimepewa tano, na mbili kati ya hizo zinapingana. Mzee wa Taruma, kabla uzi haujapoa: fundi wako aliwahi kukwambia kwa nini alikuja?

#22 Mzee wa Taruma

Nilimuuliza siku moja kupitia mkalimani, tukiwa tumekaa juu ya rundo la mataruma ya zege. Mkalimani aliongea kwa muda mrefu sana kuhusu Mwenyekiti Mao na mataifa yanayonyonywa. Fundi alikuwa amesema maneno machache tu, kwa hiyo nilijua kwamba yale mengine si yake. Jioni, mkalimani akiwa hayupo, nikamuuliza tena kwa ishara. Akachora ardhini mstari mrefu, akaweka jiwe kila mwisho, akaonesha jiwe moja na kusema "shaba," akaonesha la pili na kusema "bahari," kisha akajionesha mwenyewe, akaonesha mbali sana upande wa mashariki, na kuinua vidole viwili kwa urefu wa watoto wake.

Alipoondoka aliniachia ile pima maji. Iko nyumbani, na kitone chake bado kinatembea.

#23 Mkulima Njombe

Mzee, ahsante sana. Nauliza tena kwa yeyote aliye karibu na mamlaka husika: je, mabehewa ya baridi yamo?